Kushika Tama

Picha ilifika dukani Jumatatu asubuhi kwa WhatsApp, kama kazi nyingi zinavyofika siku hizi. Mimi hukaa kwenye kompyuta ya pili katika steshenari moja Kariakoo. Nachapa, natoa kopi, nabaindi ripoti za wanafunzi. Mteja alikuwa kijana wa chuo, kazi yake ina kurasa 41, na alitaka picha nne zitoke kwa wino mzuri. "Dada, ile ya mwanamke mwenye mbawa isififie," aliandika.

Nikaifungua. Mwanamke mwenye mwili amekaa chini kwenye jiwe, mbawa mgongoni, uso umeingia giza, macho yanatazama mbali. Shavu limeegemea ngumi. Kiunoni amening'iniza funguo na kifuko cha pesa. Nyuma yake mizani imetundikwa ukutani, na kengele, na chupa ya mchanga ya kupimia saa. Chini vifaa vya seremala vimetapakaa: msumeno, randa, misumari. Mbwa aliyekonda amejikunja pembeni. Vifaa vyote vya kazi vipo, na yeye hafanyi kitu.

Kabla sijasoma maandishi ya chini yake nilisema kwa sauti, "Mama yangu huyu."

Mwenzangu wa kompyuta ya kwanza akasogeza kiti. "Huyo Mzungu mwenye mabawa?"

"Tazama mkono."

Akatazama. "Eeh," akasema taratibu. "Kashika tama."

Nyumbani kwetu kushika tama ni mwiko. Marehemu bibi, kule Mkuranga, akikukuta umekaa shavu kiganjani alikupiga kofi la mkono: "Toa! Nani kafa?" Kwamba anayekaa hivyo anauita msiba. Tama ni shavu, lakini hakuna mtu anayesema ana kipele kwenye tama. Neno hilo limebaki na kazi moja tu, kutaja mkao ule, na ukiutaja mkao umekwisha kutaja na kilicho moyoni. Ukiniambia fulani kashika tama, sikuulizi kama unazungumzia mkono wake au huzuni yake.

Maandishi ya chini ya picha yalisema imechongwa na Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nürnberg, mwaka 1514. Jina lake ni *Melencolia I*.

*

Mama anauza nazi Soko la Buguruni. Ana zaidi ya miaka ishirini pale, alianza na gunia chini, sasa ana meza. Nazi huja na fuso kutoka Mkuranga na Kibiti. Yeye huzitikisa moja moja sikioni kusikia maji, kisha huzipanga mafungu kwa ukubwa. Funguo za stoo amezifunga kwenye pindo la kanga, pesa ziko kwenye kibeti kiunoni. Mizani hana, nazi haipimwi kwa kilo, lakini jirani yake wa vitunguu anayo, na inaning'inia nyuma ya kichwa cha mama kabisa. Ndiyo maana ile picha ilinishtua hivyo.

Kaka yangu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa mwaka 2021, alfajiri, Barabara ya Mandela, akiwa amepakia abiria kwenye bodaboda. Mazishi tuliyafanya jioni ileile. Arobaini ikapita. Mama akarudi sokoni, akapanga nazi zake, akakaa.

Baadaye yakaanza maumivu. Kwanza magoti. Kisha mgongo, kisha mabega, kisha mifupa yote nyakati za usiku. Mwaka wa pili likaja lile la chini ya mbavu za kushoto. Ukimuuliza linaumaje hasemi neno. Ananyoosha kidole cha shahada, anakiweka mahali palepale: hapa.

Tulizunguka. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Mkojo safi, sukari sawa, presha ya mtu wa umri wake. Picha ya kifua safi. Mahali fulani daktari kijana, mwenye adabu zake, alizipanga karatasi zetu zote mezani, akazitazama, akatutazama.

"Mama hana ugonjwa," akasema. "Ni mawazo tu. Mama, jitahidi kupunguza mawazo."

Akaandika dawa za maumivu, tukatoka. Tulitembea kimya mpaka kituo cha daladala. Pale mama akasimama.

"Kwa hiyo naongopa?"

"Hajasema unaongopa, mama."

"Kasema ni mawazo. Kama ni mawazo, mbona yananiuma hapa?" Na kidole kikaenda mahali pake.

Sikuwa na jibu. Wiki chache baadaye ndipo yule mwanamke mwenye mbawa alipotokea kwenye kioo cha kompyuta yangu.

*

Kazi za wateja hazisomwi. Lakini ukibaindi kurasa 41 huwezi kufumba macho. Kijana yule alikuwa ameandika juu ya mwili na akili katika zama za Renesansi, ule mwamko wa Ulaya wa karne ya 15 na 16. Alipokuja kuchukua nilimuuliza maswali matatu, akafurahi kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Aliniandikia majina nyuma ya risiti. Usiku, kwenye simu, nikaanza kusoma.

Madaktari wa zama zile waliamini mwili unaendeshwa na majimaji manne. Damu ni ya moto na mbichi. Belghamu ni ya baridi na mbichi. Nyongo ya manjano ni ya moto na kavu. Na nyongo nyeusi, inayokaa kwenye bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, ni ya baridi na kavu. Majimaji hayo yakilingana mtu ni mzima. Moja likizidi, linavuruga mwili na fikra kwa pamoja. Aliyezidiwa na nyongo nyeusi huumwa viungo, hukosa usingizi, hupenda giza, na hukaa ameegemeza kichwa mkononi. Ugonjwa huo waliuita kwa Kigiriki: *melas* ni nyeusi, *khole* ni nyongo. Melankolia.

Nilipofika kwenye "baridi na kavu" niliweka simu chini. Bibi alikuwa na jina la ugonjwa wa magoti na mifupa, jina ambalo kila mtu wa pwani analijua: baridi yabisi. Nimelisema maisha yangu yote bila kujiuliza yabisi ni nini. Yabisi ni Kiarabu. Ni kavu. Baridi kavu. Bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa anautaja ugonjwa kwa maneno yaleyale ya maprofesa wa Padua.

Wala si muujiza. Elimu ile Wazungu hawakuizaa wenyewe. Ilitoka kwa Wagiriki, ikapikwa na waganga wa Kiislamu, na mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Kitabu chake, *Qanun*, kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kikafundishwa kwenye vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Mwaka 1593 kilichapwa kwa Kiarabu mjini Roma. Tawi lingine la elimu hiyohiyo lilivuka bahari na majahazi likaja kwetu, likaacha maneno. Belghamu tunayo. Safura tunayo: kwa Kiarabu ni ile nyongo ya manjano, kwetu ikawa ugonjwa unaomwacha mtu amepauka hana damu. Hata tabia ni neno la shule ileile. Waganga walilitumia kwa maumbile ya mwili, sisi tunalitumia kwa mwenendo wa mtu.

Na tazama tunavyosema mpaka leo. Habari mbaya hukata maini. Mambo yakiharibika yametumbukia nyongo. Mwenye wasiwasi roho iko juu. Hatusemi hivyo kwa kupamba maneno. Mwambie mtu wa Buguruni kwamba roho haiwezi kupanda kooni, atakuuliza kama umewahi kukimbizwa na mgambo.

Nilisoma juu ya Marsilio Ficino wa Firenze, mtoto wa daktari, mwenyewe mtu wa majonzi. Mwaka 1489 alichapisha vitabu vitatu kuhusu uhai na afya ya wasomi. Ficino alisema kati ya roho na mwili kuna kiungo, mvuke mwembamba unaotengenezwa na moyo kutokana na damu, na kupitia mvuke huo huzuni hushuka mwilini na ugonjwa hupanda rohoni. Kwa hiyo dawa yake haikuchagua upande. Kula hiki, acha kile, lala mapema. Pia sikiliza muziki, nusa manukato, tembea kando ya maji yanayometa, tazama kijani kibichi, panda chombo upunge upepo.

Nikasoma na juu ya Dürer mwenyewe. Mama yake, Barbara, alizaa watoto 18, wakakua watatu tu. Machi 1514 Dürer alimchora kwa mkaa, amekonda, mifupa ya shingo imetoka, jicho moja limeenda pembeni. Miezi miwili baadaye, mwezi Mei, mama akafa. Mwaka huohuo ndio uliompa dunia yule mwanamke aliyeshika tama.

Lakini kilichonimaliza ni mchoro mwingine, mdogo, wa kalamu na rangi kidogo. Dürer amejichora mwenyewe akiwa kifua wazi. Ubavuni upande wa kushoto, chini ya mbavu, ametia doa la manjano, na kidole chake cha shahada kinaelekea pale. Juu ameandika kwamba penye doa lile, anapoelekeza kidole, ndipo panapomuuma. Yaelekea ulikuwa wa kumpelekea daktari. Mtu yule alijua kuchora kila unywele wa sungura, na alipoumwa alirudi kwenye lugha ya mama yangu: hapa.

*

Sasa niseme nilichokosea.

Niliipenda elimu ile kupita kiasi. Ilinipa jibu ambalo sikuwa nalo pale kituoni. Mama haongopi, nilijiambia, mama ana huzuni, na huzuni ni kitu cha mwili, kina mahali pake na uzito wake. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Na kwa kuwa nimeshajua, nikaacha kumpeleka kwenye vipimo. Vya nini tena?

Nikawa Ficino wa Buguruni. Jumapili nilimtoa sokoni kwa nguvu, tukapanda daladala mpaka Feri, tukalipa shilingi 200 kila mmoja, tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni kupunga upepo na kutazama maji yanayometa. Nilimwekea kaseda za zamani kwenye simu. Nilimnunulia udi. Nilimkataza kukaa gizani. Alinifuata kwa huruma, kama mzazi anavyofuata mchezo wa mtoto. Kwenye pantoni alikaa karibu na magari, akashika tama, akatazama injini.

"Upepo mzuri, mama?"

"Mzuri, mwanangu."

Magoti yalipomuuma usiku hakuniamsha. Alikuwa na dawa zake. Daktari yule kijana aliziandika za siku tano. Zilipoisha mama alienda duka la dawa la mtaani, akaonyesha pakiti tupu, akapewa nyingine. Diklofenaki, mbili asubuhi, mbili jioni, wakati mwingine na chai tupu. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka. Niliziona zile karatasi za fedha kwenye ndoo ya taka, zimetobolewa zote, na sikuzihesabu. Nilikuwa nasoma juu ya nyongo nyeusi.

Alianguka sokoni asubuhi ya Alhamisi. Jirani wa vitunguu alinipigia: njoo, mama yako kalegea. Nilimkuta amelazwa juu ya magunia, amefunikwa kanga tatu, midomo myeupe. Ukiwa na damu hujui rangi ya midomo ya mama yako. Siku ile niliijua. Tulimpakia bajaji.

Hospitali waliuliza swali ambalo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuwahi kuuliza. "Mama, choo chako kikoje?" Alinitazama, akamtazama muuguzi, akaomba nitoke. Nilisimama nyuma ya pazia, nikamsikia akinong'ona. Cheusi. Kama lami. Wiki ya tatu sasa. Aliona aibu kunieleza.

Walimwingiza kamera tumboni kupitia kooni. Kidonda, na kilikuwa kinavuja. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, aliuliza ametumia dawa gani. Nilimtajia. Alifumba macho kidogo. "Kwa muda gani?" Nilimtajia. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akaeleza kwamba dawa zile hutuliza maumivu, lakini hulivua tumbo ute unaolikinga na asidi, na hasa zikinywewa bila chakula na kwa muda mrefu. Maumivu ya chini ya mbavu yalikuwa kidonda kikijitangaza.

Aliongezewa chupa mbili za damu. Nilikaa kando ya kitanda usiku kucha nikitazama matone. Damu, yenye moto na ubichi, ikiingia tone kwa tone katika mwili wa baridi yabisi. Alfajiri midomo ilirudi rangi.

*

Nimejaribu sana kulipanga jambo hili, nani alikosea wapi.

Nyongo nyeusi haipo. Hilo halina ubishi. Wataalamu wa Renesansi wenyewe ndio walioanza kuipasua elimu yao. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha Padua, alichapisha kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu, baada ya kuchanja maiti kwa mkono wake mwenyewe badala ya kumsoma Galeno tu. Mwaka 1628 William Harvey alionyesha kwamba moyo ni pampu na damu inazunguka. Nenda machinjio ya Vingunguti alfajiri, au kwenye meza ya supu ya jirani yake, uombe bandama. Watakukatia. Ni nyama laini, nyeusi kama damu iliyoganda, na ndani hamna nyongo ya aina yoyote. Na kama mama angeangukia mikononi mwa madaktari wa Ficino, huenda wangemtoboa mshipa wamtoe damu, maana ndiyo ilikuwa dawa yao ya mambo mengi. Asingefika jioni.

Lakini wapo wanaofikiri kwamba ile nyongo nyeusi watu wa kale hawakuibuni hewani. Waliwaona wagonjwa wakitapika kitu cheusi, wakienda choo cheusi, wakidhoofu, wakikosa raha, kisha wakifa. Walichokiona kilikuwa damu iliyovuja tumboni ikageuka rangi. Madaktari mpaka leo wanakiita choo kile kwa neno la Kigiriki linaloanza na *melas* ileile. Kwa hiyo mama alikuwa na kitu cheusi ndani yake kweli. Mimi niliyekisoma vitabuni usiku kwa usiku sikukiona nyumbani.

Na kilitoka wapi? Nikirudi nyuma hatua kwa hatua sipati pa kukata. Kidonda kilitokana na dawa. Dawa zilitokana na maumivu ya magoti na mifupa. Maumivu yale hayakuwa na jina kwenye vipimo, na yalianza baada ya arobaini ya kaka. Daktari kijana alisema ni mawazo, na sikatai kwamba ilikuwa mawazo. Kosa lake lilikuwa neno lile dogo la mwisho: tu. Alipolisema alifunga faili. Na mimi niliyemchukia kwa neno lile nilifanya kama yeye, kwa mlango mwingine. Yeye alisema huzuni tu, akaacha kutafuta. Mimi nilisema huzuni kubwa, huzuni ya kale, huzuni ya Dürer, nikaacha kutafuta.

Wanaosimulia habari hizi humtwika René Descartes lawama ya kutenganisha akili na mwili, karne moja baada ya Dürer. Akili upande huu, mwili upande ule, kama mashine. Mwaka 1643 binti wa mfalme, Elisabeth wa Bohemia, alimwandikia barua akimuuliza: kama roho haina mwili, inausukumaje mwili? Ni swali la mama pale kituoni. Descartes hakuwahi kulijibu vizuri. Lakini miaka miwili baadaye Elisabeth alipougua homa ndogo isiyoisha na kikohozi kikavu, Descartes alimwandikia kwamba sababu ya kawaida ya homa za namna ile ni huzuni. Akamweleza pia habari zake mwenyewe: kwamba mama yake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na majonzi, na kwamba yeye alirithi kwake kikohozi kikavu na rangi ya kupauka, vikamwandama mpaka alipopita miaka 20. Mtu aliyeitenga roho na mwili aliamini kwamba huzuni ilimuua mama yake. Kitabuni aliweza kuvitenganisha. Alipofika kwa mama hakuweza.

*

Mama alirudi sokoni baada ya miezi miwili. Ana vidonge vya tumbo, kimoja kabla ya chai. Diklofenaki ni marufuku. Magoti anayakanda kwa maji ya moto. Yule daktari mwenye sauti ya kuchoka alimwandikia pia kuonana na mshauri nasaha wa hospitali, na nilidhani mama atakataa. Alikwenda mara nne. Nilimuuliza wanazungumza nini. "Kaniambia nimwelezee mtoto wangu toka kuzaliwa," akasema. "Hakunipa dawa. Nimelala."

Kuna jambo moja la Ibn Sina ambalo sikulielewa mpaka Jumamosi moja ya juzi. Ameandika namna ya kumtambua mgonjwa anayeficha anayempenda. Unashika mshipa wa mkono wake na kutaja majina, ya watu, ya mitaa, ya nyumba, mara kwa mara. Jina moja likitajwa mapigo hubadilika. Hapo umempata. Nililisoma kama hadithi.

Jumamosi ile nilipita sokoni kabla ya kwenda kazini. Muuguzi alikuwa amenifundisha kuhesabu mapigo, ili nijue mapema damu ikipungua tena, na nimekuwa na mazoea ya kumshika mama mkono kila ninapomkuta. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza, nikamshika kifundo, macho kwenye saa ya simu. Mapigo yalikuwa yanakwenda vizuri, taratibu.

Mteja akaita kutoka njiani, kwa sauti kubwa ya sokoni, kama wanavyomwita wote. Wanamwita Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sokoni hakuna anayejua jina lake jingine. Jina la kaka yangu sitaliandika hapa, lakini pale Buguruni linaitwa tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jua linazama. Mama Fulani, nipe mbili za kukuna. Mama Fulani, una chenji ya elfu kumi? Mama Fulani, leo umeziuza ghali.

Chini ya vidole vyangu mshipa uliruka. Ulisita, kisha ukaenda mbio, kisha ukatulia. Hesabu ikanipotea.

Aliinuka, akamchagulia mteja nazi tatu, akazitikisa sikioni, akapokea pesa, akarudi kukaa. Nilingoja mpaka njia ikawa tupu.

"Mama, niwaambie wakuite kwa jina langu?"

Alinitazama kama mtu niliyemtukana, kisha uso ukalainika.

"Halafu yeye atatajwa na nani?"

Nikanyamaza. Treni ilipita kule relini, meza zikatetemeka kidogo, jirani akaishika mizani yake isiyumbe. Mama akaegemeza kiwiko kwenye fungu la nazi kubwa, shavu likashuka kiganjani. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kuutoa wake, maana ndivyo bibi alivyotulea. Nikaurudisha. Nikasogeza ndoo karibu.

"Inauma?"

Mkono wa pili ukaenda chini ya mbavu, kidole kikapapasa, kikapata mahali.

"Hapa," akasema. "Leo kidogo."